Mali Bila Daftari: Kupanga Upakiaji wa Takwimu za Afya Unaojiendesha

Kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba 2020, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na UVIKO-19 nchini Uingereza hawakuingia katika hesabu ya taifa. Maabara hazikuwasahau: vipimo vilifanyika, majibu yalitoka, na wenyewe walijulishwa. Kilichokosekana ni taarifa zao kuwafikia wafuatiliaji, yaani watumishi waliopaswa kuwapigia simu, kuwauliza wamekaribiana na nani, na kuwaonya hao waliokaribiana nao wajitenge. Kwa siku kadhaa, wakati ugonjwa ukizidi kupanda, maelfu ya watu waliendelea kwenda kazini, sokoni na kwenye nyumba za wazee wao bila kujua kwamba wamekaa karibu na mwenye maambukizi.

Chanzo chake kilikuwa kidogo mno. Maabara za biashara zilituma majibu katika mafaili marefu ya maandishi. Taasisi ya afya ya jamii, Public Health England, ilikuwa imeunda utaratibu unaojiendesha wa kuyachota majibu hayo, kuyaweka katika lahajedwali za Excel, kisha kuyapakia katika mfumo mkuu. Lahajedwali zilizotumika zilikuwa za muundo wa zamani, XLS, ambao haupokei zaidi ya mistari 65,536. Kwa kuwa mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa, lahajedwali moja ilijaa ilipofikisha wagonjwa wapatao 1,400. Waliofuata waliachwa nje. Utaratibu haukusimama wala haukumwita mtu; ulimaliza kazi yake kana kwamba umepakia kila kitu.

Baadaye watafiti wawili wa uchumi, Thiemo Fetzer na Thomas Graeber, walilinganisha maeneo yaliyoathiriwa zaidi na ucheleweshaji huo na yale yaliyoathiriwa kidogo. Katika makala waliyoichapisha mwaka 2021, walikadiria kuwa kosa hilo lilihusiana na maambukizi ya ziada zaidi ya 120,000 na vifo vya ziada zaidi ya 1,500. Hayo ni makadirio, lakini yanatosha kumwonyesha msomaji kwamba njia inayopitwa na takwimu kutoka maabara hadi ofisini ni sehemu ya tiba, sawa na mnyororo wa baridi ulivyo sehemu ya chanjo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Makala hii inaeleza namna takwimu za afya zinavyopakiwa zenyewe katika ghala la data, mahali zinapopotelea, na jinsi daftari la kuzilinda linavyopaswa kuwekwa.

Ghala la data ni nini

Wazo la ghala la data lilizaliwa katika biashara. Mwaka 1988 Barry Devlin na Paul Murphy wa kampuni ya IBM walichapisha makala iliyoeleza ghala la taarifa za biashara, na mwaka 1992 Bill Inmon alitoa kitabu kilichoeneza jina hilo duniani. Tatizo walilolikabili lilikuwa la kawaida. Mashine ya keshia dukani imetengenezwa ili kumhudumia mteja aliyesimama mbele yake haraka. Mwenye duka, kwa upande wake, anataka kujua bidhaa gani imepungua katika matawi yote kwa miaka mitatu. Mashine ya keshia ikilazimishwa kujibu swali hilo, itachelewesha wateja na bado haitatoa jibu kamili, kwa kuwa inajua mauzo ya tawi moja tu. Hivyo nakala za taarifa huchukuliwa kutoka kila mashine, zikawekwa mahali pamoja kwa mpangilio mmoja, ili maswali makubwa yaulizwe huko.

Hospitali ina hali hiyo hiyo. Mapokezi, maabara, duka la dawa, keshia na ofisi ya bima kila kimoja huweza kuwa na mfumo wake. Tukiuliza: kati ya wajawazito waliokutwa na upungufu wa damu mwezi uliopita, ni wangapi walipewa vidonge vya madini ya chuma, na ni wangapi walirudi kupimwa tena? Jibu la swali hilo limegawanyika katika kliniki, maabara na duka la dawa. Hakuna mfumo mmoja ulio nalo lote. Ghala la data hukusanya vipande hivyo.

Katika ngazi ya taifa, watumishi wa afya wa Tanzania wanaufahamu MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Rejesta hujazwa kituoni, majumuisho hufanywa kila mwezi, na takwimu huingizwa katika DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi. DHIS2 yenyewe ina kazi inayojiendesha ambayo wengi hawaijui: takwimu zilizoingizwa mchana hukusanywa upya katika majedwali ya uchambuzi kwa ratiba maalumu, mara nyingi usiku. Ndiyo maana mratibu wa wilaya anaweza kuingiza ripoti asubuhi na kuona chati haijabadilika hadi kesho yake. Takwimu haijapotea; inasubiri zamu yake ya kupakiwa.

Hatua tatu za safari

Upakiaji wowote, uwe wa benki au wa zahanati, una hatua tatu: kuchota, kuandaa na kupakia. Kuchota ni kuchukua nakala kutoka kwenye mfumo unaotumika, kwa saa ambayo haitasumbua huduma. Kuandaa ni kusafisha, kulinganisha vipimo na majina, na kuondoa yaliyojirudia. Kupakia ni kuziingiza takwimu zilizo tayari katika majedwali ya ghala.

Mfano mzuri ni stoo ya dawa. Gari la Bohari ya Dawa likifika, makasha hayapelekwi moja kwa moja kwenye rafu. Hushushwa kwanza mahali pa mapokezi. Mtunza stoo huhesabu, hulinganisha na hati, huangalia toleo na tarehe ya kuisha muda, hutenga yaliyovunjika, kisha huandika kwenye leja. Ghala la data nalo linahitaji mahali pa mapokezi: majedwali ya muda ambamo takwimu huwekwa kama zilivyokuja, bila kubadilishwa, kabla ya kukaguliwa. Bila mapokezi, kosa lililotoka kwenye chanzo huchanganyika na takwimu safi, na baadaye hakuna awezaye kueleza lilianzia wapi.

Mitego inayotokana na mazingira yetu

Hatua ya kuandaa ndiyo inayohitaji zaidi mkono wa mhudumu wa afya, kwa kuwa mtaalamu wa kompyuta peke yake hawezi kuijua mitego yote.

Mtego wa kwanza ni saa. Mkunga anaandika kuwa mtoto amezaliwa saa 2 usiku, akimaanisha saa 20:00 ya kompyuta. Programu isiyofundishwa itasoma saa 02:00, yaani saa nane usiku, na kumweka mtoto huyo saa kumi na nane kabla ya kuzaliwa kwake. Mahesabu ya muda wa uchungu, ya dozi ya kwanza na ya vifo vya saa 24 za mwanzo yote huharibika. Tena kwa kompyuta tarehe hubadilika saa sita usiku, ilhali mkunga wa zamu ya usiku huweza kuendelea kuandika tarehe aliyoingia nayo kazini. Dawa yake ni kukubaliana mapema kwamba saa katika mfumo iandikwe kwa mtindo mmoja wa saa 24, na upakiaji ukatae, kwa mfano, kumbukumbu inayoonyesha mtoto amezaliwa kabla mama hajalazwa, isipokuwa pale ilipoandikwa kuwa alijifungulia njiani au nyumbani.

Mtego wa pili ni sifuri na nafasi tupu. Kituo kikiandika 0 kwenye mstari wa malaria, kinasema: tulitazama, hakuna mgonjwa. Kikiacha nafasi tupu, hakijasema lolote. Programu inayogeuza nafasi tupu kuwa sifuri hutangaza kuwa ugonjwa umetoweka mahali ambapo labda mhudumu alikuwa peke yake na hakuwahi kujumlisha. Tofauti hiyo ihifadhiwe mpaka kwenye chati ya mwisho.

Mtego wa tatu ni vipimo. Sukari ya damu ya mtu aliyefunga kula ya 7.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita ni sawa na 126 kwa kipimo cha miligramu kwa desilita, na hapo ndipo kisukari kinapoanza kuthibitishwa. Maabara mbili zikituma namba bila kutaja kipimo, 7 ya maabara moja itaonekana katika safu ya maabara nyingine kama mgonjwa aliye mahututi kwa kushuka sukari. Kila namba isafiri pamoja na kipimo chake.

Mtego wa nne ni majina. Mohamed, Mohamedi na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja, na Asha Juma watatu wanaweza kuwa watu watatu. Kuwaunganisha wagonjwa kwa jina pekee huzaa makosa ya aina mbili: historia ya mtu mmoja kugawanyika, na historia za watu wawili kuchanganywa. Kosa la pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa laweza kumpa mtu mzio, kundi la damu au jibu la VVU lisilo lake. Namba moja ya mgonjwa, inayotolewa mapokezi na kutumiwa na idara zote, ina thamani kuliko programu yoyote ya kubahatisha majina.

Kanuni za upakiaji unaojiendesha

Mtu akipakia takwimu kwa mkono, macho yake hukagua bila hata yeye kukusudia. Akiona ripoti ya mistari kumi mahali pa mistari mia tano, atashtuka. Kazi inapoachiwa mashine ifanye usiku, ukaguzi huo hutoweka, na lazima urudishwe kwa makusudi. Kanuni zifuatazo ndizo zinazourudisha.

Kwanza, kazi zifuate mfuatano. Orodha ya vituo ipakiwe kabla ya wagonjwa, wagonjwa kabla ya majibu ya maabara. Zahanati mpya ambayo haimo katika orodha, ripoti zake hazina pa kukaa. Upakiaji wa hatua ya pili usianze kwa sababu tu saa imefika. Uanze baada ya hatua ya kwanza kuthibitika kuwa imekamilika.

Pili, kila kilichotoka kihesabiwe kilipofikia. Hesabu ni nyepesi: idadi iliyotoka kwenye chanzo lazima ilingane na iliyoingia ghalani ukijumlisha na iliyokataliwa. Chanzo kikisema majibu 9,000, ghala likapokea 8,940 na kukataa 60, hesabu imefunga. Likipokea 8,900 na kukataa 60, yapo majibu 40 yasiyojulikana yalipo, na upakiaji usitangazwe kuwa umefaulu. Kanuni hii moja, ingekuwepo Uingereza mwaka 2020, ingefichua upungufu usiku wa kwanza.

Tatu, kilichokataliwa kisitupwe. Kiwekwe pembeni pamoja na sababu: tarehe haipo, kituo hakijulikani, kipimo hakikutajwa. Orodha hiyo irudi kwa mtu anayeweza kurekebisha, ambaye mara nyingi ni mhudumu wa kituoni.

Nne, kazi ikirudiwa isizidishe. Umeme ukikatika wakati mistari 4,000 kati ya 9,000 imeshaingia, mashine ikianza upya huweza kuiingiza ile 4,000 mara ya pili, na kesho wilaya ikaonekana kuwa na mlipuko. Kuna kinga mbili, na inafaa kuwa nazo zote. Ya kwanza ni kuipakia kazi nzima kama kitu kimoja, iingie yote au isiingie kabisa. Ya pili ni kila kumbukumbu kuwa na kitambulisho chake, ili ikija tena ichukue nafasi ya ile ya awali badala ya kuongezeka.

Tano, marekebisho yafuatwe. Kupakia kila kitu upya kila usiku ni salama lakini huchukua muda mrefu, hivyo wengi huchota mapya tu. Hapo kuna shimo. Mfumo ukichota kwa kufuata tarehe ya huduma, ripoti iliyochelewa wiki mbili, au rejesta iliyosahihishwa jana kwa huduma ya mwezi uliopita, haitaonekana kamwe. Uchotaji ufuate tarehe ambayo kumbukumbu ilibadilishwa mara ya mwisho, na urudi nyuma siku chache kila mara ili kuokota zilizochelewa.

Sita, mipaka ya kila chombo ijulikane. Muundo mpya wa Excel hubeba mistari 1,048,576, lakini nao una mwisho. Diski hujaa, mtandao hukatika, na faili huweza kufika nusu. Kabla ya kuanza kazi, utaratibu ujaribiwe kwa mzigo mkubwa mara kumi kuliko wa kawaida, na ionekane wazi kwamba ukijaa unasimama na kusema. Public Health England ilipogundua kosa lake, tiba ya haraka ilikuwa kugawa majibu katika mafaili madogo mengi zaidi; lakini mlipuko hausubiri marekebisho.

Saba, ukimya usichukuliwe kuwa usalama. Mfumo unaotuma ujumbe pale tu unaposhindwa hauwezi kutuma ujumbe ikiwa seva yenyewe imezimika. Ni afadhali utume taarifa fupi kila asubuhi: zilizochotwa, zilizoingia, zilizokataliwa, muda uliotumika. Isipofika, mhusika ajue kuna jambo. Mhusika huyo awe mtu anayejulikana kwa jina na cheo, na awe na mbadala wake anapokwenda likizo. Ujumbe unaotumwa kwa kila mtu kwa kawaida hausomwi na yeyote.

Nane, msomaji wa chati aambiwe umri wa takwimu. Chini ya kila chati kuwe na maneno ya namna hii: zilipakiwa mara ya mwisho jana usiku, vituo 41 kati ya 46 vimeleta ripoti. Mganga mkuu wa wilaya anayeona wagonjwa wa kuhara wamepungua atajua kama ni ugonjwa uliopungua au ni vituo vitano ambavyo havijaleta ripoti.

Siri ya mgonjwa njiani

Takwimu zinaposafiri, siri za watu husafiri nazo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huhesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa anayepanga upakiaji, hilo lina maana ya vitendo. Maswali mengi ya ghala hayahitaji jina la mtu wala namba yake ya simu. Hivyo majina yabadilishwe kuwa namba za siri kabla ya kuingia ghalani. Majedwali ya mapokezi na mafaili ya muda yafutwe baada ya kipindi kilichopangwa, kwa sababu taarifa huweza kuvuja kutoka kwenye faili lililosahaulika. Kumbukumbu za makosa nazo zisiandike jina wala ugonjwa. Zitaje namba ya mstari tu.

Hata jumla huweza kutoboa siri. Ripoti ikisema kijiji fulani kina msichana mmoja wa miaka 15 anayetumia dawa za kufubaza VVU, majirani hawahitaji jina. Namba ndogo za namna hiyo zifichwe au ziunganishwe katika ngazi ya kata au wilaya kabla ya kutolewa nje.

Yaliyo mikononi mwetu

Mhudumu wa afya anaweza kudhani kwamba haya yote ni ya watu wa kompyuta. Lakini mitego minne tuliyoitaja huanzia kwenye kalamu au kibodi yake, na ni yeye anayeijua idadi ya kweli. Akiona mwisho wa mwezi kuwa chati ya wilaya inaonyesha akina mama 31 waliojifungulia kituoni, naye rejesta yake inasema 38, ana haki na wajibu wa kuuliza saba wako wapi. Kituo kinachotenga nusu saa kila mwezi kulinganisha rejesta na kilichotokea kwenye mfumo ni mkaguzi bora kuliko programu nyingi za bei kubwa. Wasimamizi nao wapokee swali hilo kwa shukrani, kwani mhudumu anayegombezwa kwa kuonyesha tofauti mwezi ujao atanyamaza.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Atoe namba yake ya mgonjwa kila anapokwenda kituoni, badala ya kufungua faili jipya. Ahakikishe tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa ilivyo. Akiambiwa kuwa jibu lake halionekani kwenye mfumo, asikubali mara moja kwamba hakupimwa. Aombe liangaliwe maabara, mahali lilipoanzia. Na anaruhusiwa kuuliza taarifa zake zinapelekwa wapi na kwa kazi gani.

Ghala likijengwa kwa nidhamu, faida yake ni kubwa. Upungufu wa dawa huonekana kabla rafu haijawa tupu, mlipuko huonekana ukiwa bado katika kata moja, na mratibu aliyekuwa akikesha akijumlisha makaratasi hupata muda wa kutembelea vituo. Yote hayo hutegemea swali ambalo kila utaratibu unaojiendesha unapaswa kulijibu kila asubuhi, mbele ya mtu aliyepewa jukumu la kusikiliza: zilizotoka ni ngapi, na zilizofika ni ngapi?